Hadithi moja kwa wiki mbili: kufundisha watoto wadogo nyumbani kwa kufuata mvua na kalenda ya kanisa

Hapa Rungwe, mkoani Mbeya, mwaka wangu wa kufundisha unaanza Novemba, mvua zikishashika. Watoto wanashinda ndani, uwanja ni tope tupu, na kila baada ya dakika tano mmoja anauliza kama mvua imekwisha. Basi tunaanza na Nuhu. Sina haja ya kueleza gharika ni nini. Bati linaeleza lenyewe.

Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya watoto wa miaka mitatu hadi sita, wale wanaobaki na mama au bibi nyumbani. Umri wa darasa la awali ukifika, wangu wanakwenda shule kama watoto wengine. Likizo za Juni na Desemba wakubwa wanarudi kwenye mkeka wetu, na kazi inakuwa tamu zaidi kwa sababu wanawafundisha wadogo.

Jambo la kwanza nimwambialo mzazi mwenzangu anayetaka kuanza ni hili: punguza hadithi. Watu wengi wanataka wamalize Biblia nzima kabla mtoto hajatoka meno ya utotoni. Mtoto mdogo hataki hadithi mpya kila siku, anataka ile ya jana, na ukiruka kipande atakukumbusha. Mimi nakaa na hadithi moja wiki mbili. Kwa mwaka mzima nikitoa likizo, misiba, wageni na siku za kupanda, napata hadithi kumi na tano hivi, na zinatosha kabisa. Naziteua kwa kuangalia mambo mawili: kalenda ya kanisa na kinachoendelea shambani. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inatuagiza tuyanene maneno haya tuketipo nyumbani na tutembeapo njiani, na njia yetu sisi inapita kwenye migomba na mashamba ya chai.

Kuhusu kusimulia: usisome kitabuni mbele yao. Soma sura nzima wewe mwenyewe usiku, mara mbili, kisha asubuhi ieleze kwa mdomo huku ukiwatazama machoni. Dakika kumi zinatosha. Mimi siifungui hadithi ya Biblia kwa "hapo zamani za kale", wala kwa "hadithi njoo". Hizo nimeziachia Sungura na Fisi, ambazo tunazipenda sana na tunazisimulia jioni. Nataka mtoto aanze mapema kujua kwamba Daudi na Sungura hawakai kapu moja. Kwa hiyo naanza na mahali: "Palikuwa na mji unaitwa Yeriko..." Na ukimaliza, nyamaza. Usirukie kuwaambia hadithi inatufundisha nini. Waulize nani alikuwepo, alikuwa wapi, kikafuata nini, halafu waache waigize. Mwanangu mdogo akiigiza Samweli analala kwenye mkeka, anaamka mara tatu kumkimbilia Eli, na mara ya nne anasema kwa sauti nzito kabisa, "Nena, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Aya hiyo hakuna aliyemkaririsha.

Turudi kwa Nuhu. Mwanzo 6 inatoa vipimo vya safina: urefu mikono 300, upana 50, kimo 30. Mkono ni kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati, karibu sentimita 45 kwa mtu mzima. Kata kamba ya katani yenye urefu wa mikono kumi, uipime kwa mkono wako mbele yao ili waone haikutoka dukani. Subiri asubuhi isiyo na mvua, mwende kwenye kiwanja cha mpira. Kamba inasogezwa mara thelathini kwa urefu, mara tano kwa upana. Mtaishiwa kiwanja, kwa kuwa safina ni kama mita 135 na viwanja vingi havifiki hapo. Kwa kimo, tafuta mkaratusi wa mita kumi na tatu au kumi na nne, waambie dari lilikuwa pale juu. Mtoto aliyetembea safina kwa miguu yake habishani nawe tena kuhusu tembo waliingiaje.

Safina ya kuchezea inatokana na gogo la mgomba. Mkungu ukishakatwa, chukua kipande cha gogo, kichonge kati kwa kisu (kisu ni chako, siyo chao), nacho kitaelea vizuri kwenye beseni au kwenye dimbwi la uani. Wanyama ni viazi mviringo vilivyochomekwa vijiti vinne. Wakiingia wawili wawili, hesabu inakuja yenyewe: mbili, nne, sita, nane. Mkubwa anayejua kusoma mwonyeshe Mwanzo 7, ambako wanyama walio safi wanaingia saba saba. Hiyo ni hesabu ya kiwango chake.

Hapo hapo zile K tatu, kusoma, kuandika na kuhesabu, zinaingia. Sa-fi-na ni neno zuri la kuanzia kwa sababu silabi zake zote ni nyepesi. Vivyo hivyo Nu-hu. Mvua na njiwa ziache kwanza, zina konsonanti zilizobanana. Mimina majivu yaliyochekechwa au mchanga mkavu kwenye sinia, mtoto aandike kwa kidole, atikise, aandike tena. Hakuna daftari linalochanika wala penseli inayopotea.

Upinde wa mvua tunaupaka kwenye boksi lililokunjuliwa. Njano ni manjano ya jikoni yaliyokorogwa na maji kidogo, kijani ni majani ya maboga yaliyotwangwa, wekundu unatoka kwenye kiazi sukari, na bluu ni ile ya kufulia nguo nyeupe, ila hiyo ishike wewe ili wasilambe. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano. Sinunui kitu cha kazi za mikono isipokuwa mishumaa na utepe, na nitasema kwa nini nachukulia jambo hili kwa uzito: mtoto akizoea kwamba kazi nzuri inahitaji vifaa vya dukani, siku hela hakuna atakaa bure.

Wakati wa kupanda ni zamu ya mpanzi, Mathayo 13. Tafuta makopo manne. La kwanza jaza udongo na uushindilie kwa ngumi hadi uwe kama njia. La pili weka mawe, juu yake udongo kiduchu. La tatu acha magugu yake yote. La nne weka udongo mzuri mweusi wa hapa kwetu. Kila moja litupiwe maharage matano, na msilifunike lile la njia, mliache nje hadi asubuhi. Kuku watamaliza mahubiri. Baada ya wiki moja hivi, au zaidi kidogo kukiwa na baridi, linganisheni mimea kwa kijiti cha kupimia. Kopo la mawe ndilo la kuangaliwa kwa makini: mara nyingi linachipua vizuri kama lile jema, watoto wanashangilia, kisha jua likitoka siku mbili mche unalala. Usiwaeleze mapema.

Majilio, majuma ya kungojea Krismasi, yana mambo mengi, lakini nakaza mawili. La kwanza ni nyota. Katika shule ya Wamoraviani, yaani Wakristo wa kanisa la Moravian, kule Niesky, Ujerumani, miaka ya 1830, nyota ya karatasi yenye pembe nyingi ilianza kama zoezi la hesabu za maumbo, na leo inatundikwa makanisani duniani kote. Ile ni ngumu kwa vidole vidogo. Yetu ni ya mianzi. Pasua vijiti vitano vyembamba, kila kimoja sentimita 40, uvisugue wasichomwe. Funga viwili kwenye ncha ya juu, miguu itanuke: ndiyo kilele. Kutoka mguu wa kushoto, kijiti cha tatu kinapanda kwenda kulia juu. Cha nne kinalala kutoka hapo kulia hadi kushoto. Cha tano kinashuka kutoka kushoto hadi kwenye mguu wa kulia uliobaki wazi. Funga kila ncha kwa ukambaa wa mgomba uliolowekwa, kwa kuwa ukikauka unakaza, kisha funga pia pale vijiti vinapokatizana. Mtoto wa miaka mitano anaweza kushika na kuzungusha kamba. Fundo ni lako. Acha ahesabu pembetatu zilizotokea. Karatasi za kalenda ya mwaka unaoisha zinafaa kuivalisha.

La pili ni mshumaa. Mwaka 1747, kwenye ibada ya Krismasi huko Marienborn, Ujerumani, askofu Mmoraviani Johannes von Watteville alimpa kila mtoto mshumaa mdogo uliofungwa utepe mwekundu, kuwakumbusha upendo wa Yesu. Chungwa la kuuchomekea lilikuja baadaye sana, nalo linasaidia kwa sababu linashikika. Kata tundu dogo juu ya chungwa, chomeka mshumaa, zungushia utepe. Fanyeni usiku wa mkesha, taa zikiwa zimezimwa, mtu mzima mmoja kwa kila mtoto, nywele zimefungwa nyuma, mapazia yamesogezwa. Kwa watu wa Rungwe, ambako wamisionari wa Moraviani walifika mwaka 1891, hii ni habari ya ukoo, na watoto wanapenda kujua kwamba watoto wengine walishika mshumaa kama wao zamani hizo.

Januari na Februari ni Mwanzo sura ya 1. Wakati huo hifadhi ya maua ya Kitulo imechanua, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu kwa haki kabisa. Kama huwezi kufika, kando ya njia panatosha. Kila siku ya uumbaji ipewe siku yake ya juma, na ya saba msifanye kazi yoyote ya mikono, hata wakiomba.

Kwa Pasaka, anza mapema. Jumapili moja kabla ya Matawi, chukua sinia kuukuu, jaza udongo, finyanga kilima chenye pango, tafuta jiwe la kufunika mlango. Nyunyizia ngano kote, lowanisha kila asubuhi. Wiki ya mateso ikifika majani yameshatoka. Ijumaa Kuu jiwe linafungwa na nyimbo zinapungua. Jumapili amka kabla yao, uliviringishe. Desturi ya Wamoraviani ya kwenda makaburini alfajiri ya Pasaka ilianzia Herrnhut mwaka 1732, na mtoto anayejua kwa nini anaamshwa gizani halii njiani.

Juni baridi ikikaza, tunasogea kwenye jiko la mkaa, mlango na dirisha vikiwa wazi kwa sababu moshi usioonekana wa mkaa unaua. Hapo nasimulia mioto miwili ya Petro. Yohana 18, anaota moto wa makaa uani na anamkana Bwana. Yohana 21, Yesu mwenyewe amewasha moto wa makaa ufukweni, juu yake samaki. Siisimulii ya kwanza bila ya pili, wala siachi usiku upite katikati. Tukipata samaki kutoka Ziwa Nyasa tunachoma hapo hapo. Hesabu ya siku hiyo ni samaki 153: punje za maharage kwenye mkeka, mafungu ya kumi kumi, yawe kumi na tano na punje tatu zibaki. Kwa mtoto wa miaka sita hilo ni somo la wiki nzima.

Mahindi na maharage yakishakauka ni Ruthu. Bibi yao wa Njombe, Mlutheri anayeandaa wajukuu kila mwaka kwa Siku ya Mikaeli na Watoto mwishoni mwa Septemba, ndiye aliyenionyesha namna ya kuifundisha: mkisha kupiga maharage, usifagie. Soma Walawi 19 inayokataza kuvuna hadi pembeni, wape watoto kikapu, waokote masazo yote, na kilichopatikana kipelekwe kwa mjane wa jirani kwa mikono yao wenyewe, wakiamkia vizuri kabla ya kutoa.

Sehemu yao ya Sikukuu ya Mavuno iwe kitu walichokilima: maboga, fungu la mboga, mayai ya kuku wao. Kwenye mnada baada ya ibada mpe kila mmoja noti ndogo ya kununulia, umweleze kabla kwamba bei ikipita pesa yake anyamaze, na asinunue alicholeta yeye. Chenji aihesabu mwenyewe kabla ya kuondoka mezani.