Nyumba ya marehemu baba: kabla hamjaiuza

Tulikuwa wanne. Kaka mkubwa alitaka iuzwe, mdogo wetu wa mwisho alikuwa bado anaishi humo, nami nikipokea simu za pande zote mbili. Mwaka mzima tulibishania bei ambayo hakuna aliyeijua.

Kwanza hakikisheni msimamizi wa mirathi ameteuliwa kisheria. Kisha tafuteni mthamini asiye ndugu wala rafiki wa yeyote, na ada yake mchangie sawa, asije mmoja akasema "huyo ni mtu wako".

Halafu daftari la gharama. Hapa ndipo penye moto. Mdogo wetu alileta risiti za paa jipya. Kaka akauliza, je, miaka aliyokaa bila kulipa pango? Yote mawili yaandikwe, muone kinachobaki.

Anayeipenda nyumba apewe nafasi ya kwanza kununua mafungu ya wenzake kwa bei ya mthamini. Wekeni muda, sisi tulikubaliana miezi sita, kwa maandishi na sahihi. Akishindwa, iuzwe. Mahakamani mnaweza kwenda, ila mawakili watalipwa kutoka humohumo.

Vyombo vya ndani gawaneni siku nyingine kabisa. Sisi nusura tupigane kwa saa ya ukutani iliyokwisha kufa zamani.