Somo: Kusoma Uandishi wa Programu za Maltimedia Chuoni, Kuanzia Hesabu Hadi Mradi

Ndugu wanachama, kila vyuo vinapofunguliwa hapa Mbeya huwa nakutana na vijana waliojiandikisha katika kozi hii wakiamini kwamba watafundishwa kuhariri video za harusi. Wanakaa wiki tatu, wanakuta ubao umejaa hesabu, wanaanza kuulizana kama wamekosea mlango. Somo hili nimeliandika kwa ajili yao, kwa mpangilio ambao ningetamani kuupata nilipokuwa mwaka wa kwanza.

Hatua ya kwanza: jua unachokiingia

Anayehariri video anatumia programu iliyoandikwa na mtu mwingine, lakini kozi hii inakutaka uiandike programu yenyewe: ile inayoifungua picha, inayoicheza sauti, na inayoamua kitu kipi kionekane kwenye kioo na kwa wakati gani. Vyuo vya kati vinasimamiwa na NACTVET, yaani baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, na ngazi zake ni ya 4 na ya 5 kwa astashahada, kisha ya 6 kwa stashahada. Jina la kozi hutofautiana baina ya chuo na chuo, na mara nyingi maltimedia, yaani picha, sauti na video kwa pamoja, huwa ni moduli (somo moja) ndani ya kozi ya teknolojia ya habari. Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada omba orodha ya moduli uisome. Ukiona hakuna hata moduli moja ya lugha ya programu, ujue kwamba kozi hiyo ni ya kutumia zana tu.

Hatua ya pili: pima mzigo kabla ya kuubeba

Hapa ndipo wengi hupita haraka, kisha hurudi wakilia. Chukua fremu moja ya video, yaani picha moja kati ya zile zinazofuatana haraka, yenye pikseli (nukta ndogo za rangi) 1920 kwa 1080. Kila pikseli ina rangi tatu, yaani nyekundu, kijani na buluu, na kila rangi huchukua baiti moja, kipimo kidogo cha uzito wa faili, hivyo fremu moja ina baiti 6,220,800. Ukionyesha fremu 25 kwa sekunde, unapata baiti 155,520,000 kila sekunde, na dakika moja inazidi gigabaiti 9. Flashi ya gigabaiti 8 uliyonunua Mwanjelwa ingejaa kabla dakika haijaisha.

Video tunazotumiana kwenye simu hazina uzito huo kwa sababu kodeki, yaani programu inayoibana video, haihifadhi kila fremu nzima, bali kwa fremu nyingi huhifadhi tofauti kati yake na fremu nyingine. Simamisha kamera mahali pamoja ukiielekeza kwenye mlima Loleza asubuhi tulivu: mlima hausogei, mbingu hazibadiliki, na kinachohitaji kuandikwa upya ni mtu mmoja anayekatiza barabara. Rudia siku ya mvua kubwa ya Machi, na kila sehemu ya picha itakuwa imebadilika katika kila fremu. Faili litanenepa, au likibanwa kwa ukubwa uleule picha itaharibika. Fanya jaribio hili mwenyewe, kwa sababu litakufundisha kuliko kurasa kumi za vitini.

Sauti nayo ina hesabu yake. Kwa kuwa sikio la binadamu husikia hadi takriban mitetemo 20,000 kwa sekunde, sauti inatakiwa kupimwa zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, na ndiyo maana CD hutumia vipimo 44,100 kwa sekunde. Kila kipimo ni baiti mbili, na kwa spika mbili unapata baiti 10,584,000 kwa dakika. Sauti hiyohiyo ikiwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde (biti nane ni baiti moja) hushuka hadi baiti 960,000, yaani mara kumi na moja pungufu.

Kwa picha za kawaida, kanuni ni fupi: mandhari na sura za watu hifadhi kwa JPEG, nembo, michoro na maandishi hifadhi kwa PNG, kwa kuwa JPEG huacha ukungu pembeni mwa herufi na hupoteza ubora kila unapoihifadhi upya.

Hatua ya tatu: tawala muda

Ningeruhusiwa kufundisha jambo moja tu, ningefundisha hili. Nikiwa mwaka wa pili nilichora bajaji inayotoka Kabwe kwenda Mafiati, ikivuka kioo kutoka kushoto kwenda kulia, na kwenye msimbo, yaani maandishi ya programu, niliandika kwamba kila fremu bajaji isogee pikseli 2. Bwenini, kwenye kompyuta mpakato ya rafiki yangu iliyochora fremu 60 kwa sekunde, ilikwenda pikseli 120 kwa sekunde na kuvuka pikseli 1,200 kwa sekunde 10. Asubuhi yake, kwenye kompyuta ya maabara iliyoweza fremu 20 tu, bajaji ileile ilitumia sekunde 30. Baya zaidi, sauti ya breki niliyoirekodi haikusubiri, kwa sababu sauti hutoka kwa mwendo wake yenyewe. Breki zililia, abiria akasikika akidai chenji yake, na bajaji ilikuwa bado haijafika hata nusu ya njia. Msimamizi wangu hakucheka. Alichora alama ya kuuliza kwenye karatasi yangu akaenda kwa mwingine.

Kosa lilikuwa kuhesabu fremu badala ya kuhesabu muda. Andika mwendo kwa sekunde, yaani pikseli 120, kisha katika kila fremu uliza ni muda gani umepita tangu fremu iliyotangulia, na uzidishe. Kwenye mashine ya fremu 60 umepita muda wa sekunde 0.0167, hivyo bajaji inasogea pikseli 2. Kwenye ile ya fremu 20 umepita muda wa sekunde 0.05, nayo inasogea pikseli 6. Kwenye mashine dhaifu mwendo utaonekana wa kurukaruka, lakini zote zitafika Mafiati kwa wakati mmoja.

Kuna mtego mmoja hapa. Mtumiaji akifungua ukurasa mwingine kwenye kivinjari, uchoraji husimama, na akirudi baada ya sekunde 40 programu itazidisha 120 kwa 40, na bajaji itaruka hadi nje ya kioo. Weka ukomo: muda ukizidi sekunde 0.1, uhesabu kuwa 0.1. Na pale picha inapotakiwa kwenda pamoja na sauti, ifanye sauti iwe saa ya kufuatwa, kwa sababu fremu moja ikikosekana jicho husamehe, ila sauti ikikatika hata kidogo sikio hushtuka.

Hatua ya nne: zana

Anza na lugha ya programu ya JavaScript na kivinjari ulichonacho, au Processing, programu ya kuandikia msimbo wa michoro. Kwa sauti tumia Audacity, kwa picha GIMP, kwa michoro ya pande tatu Blender, kwa kubadilisha aina za faili FFmpeg. Zote ni za bure. Usihame hama.

Hatua ya tano: mradi

Chagua mradi mdogo unaoweza kumalizika, na rekodi malighafi zako mwenyewe: mvua juu ya bati, makondakta wa stendi, kengele ya shule. Tunza nakala mahali patatu. Mimi nilipoteza sura nzima ya ripoti ya mradi wangu pamoja na sauti zote baada ya kuchomeka flashi kwenye kompyuta ya steshenari yenye virusi, siku mbili kabla ya kuwasilisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Tukuyu: Kaka, mimi nilisoma masomo ya sanaa na hesabu ilinishinda. Nitaweza kweli?

Jibu: Hesabu inayotumika sana ni ya sekondari: milinganyo, duara na pembetatu. Mfano, tairi la bajaji lenye nusu kipenyo cha pikseli 20 lina mzingo wa takriban pikseli 126. Ikiwa bajaji inakwenda pikseli 120 kwa sekunde, tairi lizunguke karibu mara moja kila sekunde, la sivyo litaonekana linateleza. Ukielewa mfano huo, utaweza. Sifa za kujiunga ni jambo jingine, nazo zisome katika mwongozo wa udahili wa mwaka husika.

Mama wa Iringa: Mwanangu anasema bila kompyuta mpakato mpya ya michezo hawezi kusoma. Ni kweli?

Jibu: Shikamoo mama. Si kweli kwa mwaka wa kwanza. Iliyotumika inafaa, mradi iwe na RAM ya gigabaiti 8, diski ya SSD (ile ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka), na betri inayokaa na chaji umeme unapokatika. Akifikia michoro mizito ya pande tatu, mzungumze upya.

Mwanachama wa Njombe: Nimeachiwa vitini vya Flash na dada yangu. Nivitumie?

Jibu: Flash, programu ya zamani ya kutengeneza michoro inayotembea, ilifikia mwisho tarehe 31 Desemba 2020, na vivinjari haviichezi tena. Kurasa za kanuni za mwendo na mpangilio wa fremu zisome, kwa kuwa hazijazeeka. Za msimbo ziache.

Mwanachama wa Makambako: Bando linaniisha mapema. Naweza kujifunza bila intaneti?

Jibu: Ndiyo. Pakua p5.js, msimbo wa tayari wa kuchorea kwa JavaScript, mara moja uihifadhi kwenye folda ya mradi, kisha fanya kazi bila mtandao. Processing nayo ikishasakinishwa haihitaji bando.

Mwanachama wa Mbalizi: Naruhusiwa kuweka wimbo wa bongo fleva kwenye mchezo nitakaousambaza?

Jibu: Pata kibali cha mwenye haki kwanza, kazi hizo zinalindwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndiyo ya kuuliza. Ukikosa kibali, tafuta kijana anayepiga gitaa hapo hapo Mbalizi, mwandikiane makubaliano kwa karatasi, na jina lake uliweke kwenye kioo cha mwisho cha mchezo.