Kundi la Misiba Halikupi Kazi: Kuweka Akiba ya Watu Ukiwa Ughaibuni

Ghala nililokuwa nafanya kazi, katikati ya Uingereza, lilikuwa na Waswahili wanane kwenye shifti ya usiku. Wa kwanza alimwingiza mwenzake, mwenzake akamleta shemeji yake, shemeji akanileta mimi. Tulikwenda kazini kwa magari mawili, tukala wali wa kwenye kopo saa tisa usiku, na tulikuwa na kundi letu la WhatsApp la michango: misiba, harusi, nauli ya kusafirisha mwili. Siku kampuni ilipofuta shifti ile, ujumbe uliingia kwenye simu zote nane karibu kwa wakati mmoja. Kundi likajaa pole. Mimi nampa pole yule, naye ananipa pole mimi. Mpaka jioni hakuna aliyeandika, "Jamani, mahali fulani wanatafuta watu." Angeandika nini? Alichokijua mmoja tulikijua wote.

Sisemi undugu ule ulikuwa kasoro. Ukifiwa huku ugenini, watu wa aina hiyo ndio watakaokuja na sufuria na kulala sebuleni kwako. Ila kundi la kuzikana ni kitu kimoja na kundi la kupeana michongo ni kitu kingine, na wengi wetu tuna la kwanza tu.

Aliyenitoa mimi alikuwa Mpolandi. Alikuwa dereva wa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, akaondoka pale miezi saba kabla ya sisi kufutwa. Urafiki wetu wote ulikuwa huu: usiku mmoja wa baridi betri ya gari lake ilikufa, nikamuwashia kwa waya kutoka kwenye gari letu, akanipa namba yake. Baadaye niliwahi kumwandikia mara moja kumpongeza kwa kazi mpya. Basi. Nilipompigia nikiwa sina kazi, akaniambia yuko stoo ya vifaa vya hospitali na msimamizi wake anatafuta mtu mwenye cheti cha foklifti. Sikuwa nacho. Akanielekeza kwenye kozi ya siku chache, akamwambia msimamizi kuna mtu anakuja, na wiki sita baadaye nikawa nimeingia.

Hili wataalamu walishaliona zamani. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Kimarekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya kuwahoji watu wa Newton, mji ulio jirani na Boston, waliokuwa wamebadili kazi karibuni. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu, ni asilimia 16.7 tu waliosema walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walionana naye kwa nadra kiasi, na asilimia 27.8 mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Rafiki wa chanda na pete anakaa mnapokaa na anasikia mnachosikia. Wa mbali kidogo ana masikio kwenye nyumba nyingine. Mwaka 2022 watafiti wengine walirudia swali hilo kwa watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, wakaona wanaosaidia zaidi ni watu wa katikati: si wageni kabisa, si ndugu wa karibu, bali wale mnaofahamiana kiasi na kuwa na marafiki wachache wa pamoja.

Najua neno "kujuana" linanuka. Nyumbani kazi ya kujuana ni ya mtoto wa mjomba aliyepita dirishani huku wewe uko foleni na bahasha yako ya kaki. Wengi tumekuja huku tukiwa na kiapo moyoni kwamba tutapata kila kitu kwa vyeti vyetu. Lakini Mpolandi yule hakunipa kazi. Alinipa habari kabla tangazo halijatoka, na akalitaja jina langu kwa mtu. Usaili niliufanya mwenyewe, na cheti nilikilipia mwenyewe.

Saa ya viza haikusubiri

Kwa mwenyeji kupoteza kazi ni shida ya pesa. Kwako inaweza kuwa shida ya kuishi nchini. Marekani, mwenye H-1B, viza ya kazi za kitaalamu, hupewa hadi siku 60 tangu ajira ikome, au mpaka kibali chake kiishe kama kinaisha mapema zaidi. Uingereza, mwajiri aliyekudhamini viza ya kazi ana siku 10 za kazi za kuiarifu Wizara ya Mambo ya Ndani, na barua ya wizara ikija, kwa kawaida inakuachia siku 60 utafute mdhamini mwingine au uondoke. Walezi wa wazee wanalijua hili kuliko mtu yeyote, hasa tangu Julai 2025 Uingereza ilipofunga mlango wa kuajiri walezi kutoka nje.

Siku 60 ni nyingi kwa kutuma maombi, ila ni chache mno kwa kuanza kujuana na mtu. Ndiyo maana naiita akiba, na akiba huwekwa siku za mshahara.

Kwa mlioko Uingereza, fanyeni hili wiki hii. Serikali inachapisha mtandaoni, bure, orodha ya waajiri wote wenye leseni ya kudhamini wafanyakazi. Ipakue, chuja kwa jina la mji wako na miji ya jirani, kisha weka alama kwenye kumi ambao wangeweza kumhitaji mtu wa kazi yako. Halafu jiulize: ndani ya hao kumi, namjua nani? Mara ya kwanza jibu langu lilikuwa hakuna. Mwaka uliofuata walikuwa watatu: mmoja tulikutana kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, mmoja ni mzazi wa mtoto anayesoma na mwanangu, wa tatu nilimpata kupitia chama cha wafanyakazi. Chama kina faida yake hapo. Mtu wa afya au malezi aliyejiunga na UNISON, chama cha wafanyakazi wa huduma za umma, anakaa kikao kimoja na watu wa waajiri tofauti tofauti, jambo ambalo kazini kwake halipati.

Simu ya "za siku nyingi"

Unaijua hisia hii. Simu inaita kutoka nyumbani, namba huikumbuki vizuri, sauti inasema, "Ndugu yangu, za siku nyingi! Umetusahau kabisa!" Kabla hajafika kwenye habari za watoto, moyo wako umeshauliza: kiasi gani?

Bosi wako wa zamani huhisi hivyo hivyo ukimwandikia baada ya miaka minne ya kimya, na CV imeambatanishwa.

Sisi ni watu wa salamu, na salamu ni mali. Tatizo ni kwamba tukifika huku tunaikata, tukidhani wazungu hawaipendi. Hawapendi salamu ndefu isiyo na mwisho, hilo kweli. "Habari ya asubuhi, ya nyumbani, ya kazi, ya mvua" itamchosha. Lakini ujumbe wa mistari miwili wenye sababu hakuna anayeuchukia. Mpongeze kwa cheo kipya. Mwambie ile njia aliyokufundisha ya kupanga stoo bado unaitumia. Mtumie tangazo la kozi inayomhusu. Mimi hufanya hivi Jumapili jioni, watu watatu, dakika ishirini, kisha nafunga. Kila mtu katika orodha yangu hunisikia mara mbili au tatu kwa mwaka bila kuombwa kitu, na siku nikiomba hashtuki.

Orodha yenyewe ni daftari la kaunta lenye jalada gumu. Wengine wanatumia jedwali la kompyuta, hiari yao. Naandika jina, tulikutana wapi, anafanya nini, mara ya mwisho tuliongea nini, na safu moja niliyoiongeza baadaye ambayo ndiyo yenye kazi: yeye anahitaji nini. Mmoja anatafuta nyumba ya kupanga karibu na reli. Mwingine binti yake anataka kujitolea Arusha na hajui aanzie wapi. Usijidharau kwa sababu unabeba boksi. Mtu anayekwenda Zanzibar kwa mara ya kwanza anahitaji dakika kumi zako kuliko za mkurugenzi wake.

Jambo moja lilinigharimu. Siku ile ya kufutwa, saa nane mchana barua pepe ya kazini ilifungwa, na humo ndimo zilimokuwa anwani zote za wasimamizi na madereva wa kampuni nyingine niliozoeana nao kwa miaka mitatu. Sikuwa nimenakili hata moja. Leo, mtu tukishafahamiana kazini, naomba namba yake au tunaunganishwa LinkedIn wiki hiyo hiyo. Nakala za mkataba, hati za mshahara na vyeti vya mafunzo naziweka kwenye simu yangu na kwa mke wangu. Siri za kampuni na orodha za wateja usiziguse. Hizo si zako, na zitakupeleka pabaya.

Kuomba bila kuomba

Usiombe kazi. Kazi mara nyingi hanayo, kwa hiyo unamlazimisha aseme hapana, na mtu aliyekwisha kukukatalia huona haya kukutafuta tena. Omba habari. Ujumbe wangu huwa hivi, katika lugha ya nchi niliyopo:

"Habari yako. Tulikuwa wote shifti ya usiku mwaka jana, mimi ndiye niliyekuwa upande wa mizigo iliyorudishwa. Nimesikia sasa uko idara ya manunuzi, hongera. Nafikiria kuelekea huko. Je, unaweza kunipa dakika 10 kwa simu wiki hii au ijayo nikuulize cheti gani kinamfaa mtu anayeanza? Kama umebanwa, hata jibu la mstari mmoja litanitosha."

Mkumbushe wewe ni nani, kwa maana huenda hakumbuki jina lako wala hawezi kulitamka. Swali liwe moja. Mwachie mlango wa kutokea. Mkimaliza kuongea, muulize kama kuna mtu mwingine anayeona ungefaa kuongea naye. Hilo swali la mwisho ndilo limenipa zaidi ya nusu ya majina yaliyomo daftarini. Na akikusaidia, mrudishie taarifa: nilikwenda, ilikuwa hivi, asante. Wengi huishia kwenye asante ya kwanza, kisha msaidizi hajui mbegu yake iliota au ilioza.

Kuna kikwazo kingine, nacho ni cha malezi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, kwa hiyo kuandika LinkedIn kwamba "niliongoza watu 12 na kupunguza makosa ya stoo" tunaona ni kujitapa. Kwa hili wahenga waniwie radhi. Huku chema kisichotembezwa kinaozea stoo, kwa sababu hakuna jirani aliyekuona ukikua na akajua wewe ni mtoto wa watu. Andika ulichofanya, weka tarakimu za kweli, usiongeze chumvi.

Na ndugu je?

Ukishajulikana, simu zitaanza. "Niingizie mdogo wangu hapo kwenu." Nilimwingiza mmoja nisiyemjua kazi yake, kwa aibu ya kumkatalia shangazi. Alikuja wiki mbili akapotea bila kuaga. Hakuna aliyenigombeza, ila msimamizi hakuniuliza tena kama ninamjua mtu, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Siku hizi namsaidia kila ndugu kwa CV, kwa mazoezi ya usaili, kwa nauli ikibidi. Jina langu namwekea yule tu niliyemwona akifanya kazi. Kampuni nyingi hutoa bonasi kwa mfanyakazi aliyeleta mtu anayefaa, kwa hiyo hata wewe ukiomba kupendekezwa usijione ombaomba. Na anayekuuzia kazi au barua ya udhamini kwa pauni elfu kadhaa mwite kwa jina lake: tapeli.

Kwa dada aliye Muscat au Riyadh kwenye kazi za ndani, nusu ya haya ni mzaha, najua. Hana Jumapili jioni, na simu yenyewe huenda anapewa kwa saa. Mfanyakazi wa ndani huko mara nyingi yuko nje ya sheria ya kazi ya kawaida. Hata Imarati (Falme za Kiarabu), ambako tangu Januari 2023 kuna bima ya kupoteza kazi kwa dirham 5 kwa mwezi kwa wenye mshahara wa msingi usiozidi 16,000, inayolipa asilimia 60 ya mshahara huo kwa muda usiozidi miezi 3, wafanyakazi wa ndani hawamo. (Kaka uliye hotelini au kwenye ulinzi Dubai, wewe umo, hakikisha umejiandikisha.) Kwa dada huyo akiba ya watu ni ndogo na ni ya lazima: namba ya ubalozi aliyoikariri kichwani, picha ya pasi na mkataba kwa mtu mmoja nyumbani, na mtu mmoja nje ya nyumba hiyo anayejua dada anaishi wapi, awe mfanyakazi wa jirani, dereva, au mwenzake wa msikitini au kanisani. Mmoja tu, lakini aongee naye kila wiki.

Wenzangu saba wa shifti ile wote wako kazini sasa. Wawili niliwapigia mimi, kutoka stoo ya hospitali. Kundi la michango bado lipo, na mwezi uliopita tulisafirisha mwili mpaka Singida. Daftari langu lina majina sitini na kitu, na ukurasa wa kwanza una mstari mmoja mtupu: msimamizi wa kike wa ghala lile, aliyenifundisha kusoma ripoti za mizigo. Nilikuwa na anwani yake ya kazini tu.