Jinsi ya kununua laivu adimu za King Crimson bila kupigwa

Wakuu, kama unawafuatilia King Crimson, ile bendi ya roki ya Uingereza, ushaona bei za zile sidii zao za laivu zilizotolewa chache, mtu anaandika tu "adimu hii" basi bei inapaa. Kabla hujatoa hela jiulize kwanza, unataka muziki au unataka sidii yenyewe ikae kabatini? Ni vitu viwili tofauti na bei zake tofauti kabisa.

Hawa wazee walianza London 1968, na kuanzia 1998 lebo yao wenyewe, DGM ya mpiga gitaa wao Robert Fripp na mwenzake David Singleton, ikaanza kuwatumia wanachama wa klabu yake ya wakusanyaji shoo za zamani kwenye sidii, ya kwanza ilikuwa ya 1969 pale ukumbi wa Marquee, London. Zilikuwa za wanachama ndo maana leo watu wanazipandishia bei. Sasa 2005 DGM wakaanza kuuza shoo kwa kudaunilodi, FLAC (faili lisilopunguza ubora wa sauti) au MP3, na shoo kibao zilizowahi kutoka kwenye klabu zimo humo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni tarehe na mji wa shoo unayoitaka, katafute huko. Ya pili angalia mabokisi, mfano The Road to Red la 2013 lina diski 24 na karibu lote ni shoo za 1974, chukua bei yake gawanya kwa diski halafu linganisha na hiyo sidii moja unayotaka kuuziwa, utacheka.

Halafu jua unanunua sauti gani. Albamu yao ya laivu Earthbound ya 1972 ilirekodiwa kwa kaseti iliyochomekwa kwenye miksa, inakwaruza mpaka lebo ya Atlantic wakakataa kuitoa Marekani, mi naipenda hivyohivyo ila usije ukainunua ukitegemea sauti safi halafu ukamlaumu muuzaji. Albamu nyingine ya laivu, USA ya 1975 nayo, kuna nyimbo violini ya David Cross ilitolewa akaja kupiga Eddie Jobson studio, sehemu kubwa yake ni shoo ya mji wa Asbury Park, Marekani, ukitaka usiku ule ulivyokuwa kweli tafuta ile shoo nzima, sio hiyo albamu.

Ukishaamua unataka kitu chenyewe, omba picha. Sio picha ya kava, kava anaprinti yeyote. Sidii igeuze chini, ya kiwandani inang'aa fedha na kwenye duara la ndani kuna namba zimechapwa, ikiwa na rangi ya kijani, bluu au zambarau hiyo kuna uwezekano mkubwa imechomwa na kompyuta, achana nayo. Santuri angalia herufi zilizochorwa karibu na lebo pale sindano inapoishia, zilinganishe na zilizoandikwa Discogs, ule mtandao wa orodha na mauzo ya rekodi, kwa toleo hilohilo, na hapohapo fungua historia ya mauzo uone watu walilipa bei gani kweli maana bei anayoomba muuzaji ni ndoto yake tu. Daraja la hali la VG ("Very Good", nzuri sana) kwenye santuri lisikudanganye, maana yake kelele utazisikia hasa sehemu za kimyakimya na hawa jamaa wana vipande vya kimya vingi, we nenda VG+, daraja linalofuata juu yake, kupanda.

Kama inatoka nje jumlisha posta na kodi ya kuingiza mzigo kabla hujasema bei chee. Santuri iliyokwisha funguliwa mwambie muuzaji aitoe ndani ya kava aifunge pembeni kwenye kikaratasi chake, ikibaki ndani inacheza njia nzima na ukingo wake unapasua mshono wa kava, na iwe na makaratasi magumu pande zote mbili. Mzigo ukifika washa kamera ndo ufungue, isikilize upande kwa upande mpaka mwisho, nyota mpe muuzaji baada ya hapo.