Una masaa sita kati ya ndege mbili? Toka nje ukauone mji

Watu wengi wakiona tiketi inasema utasubiri masaa sita au nane kwenye mji fulani wanakata tamaa hapohapo, wanajua ni kulala kwenye viti huku umekumbatia begi. Mi nawaambia hayo masaa ni zawadi, umeshafika kwenye mji ambao pengine usingeenda kwa makusudi na nauli ya kufika pale ulishalipa, kilichobaki ni kupanga vizuri tu. Mara yangu ya kwanza kutoka nje hivi sikupanga, niliandika vitu vitano vya kuona, viwili nikaviona kupitia dirisha la teksi kwenye foleni, kimoja nikakikuta kimefungwa, alafu nikarudi uwanjani nakimbia jasho linanitoka. Toka siku hiyo nina utaratibu na haujaniangusha.

Kabla ya yote, je unaruhusiwa kutoka? Kukaa ndani ya eneo la transiti ni kitu kimoja, kuvuka dirisha la uhamiaji ni kitu kingine, na kuna nchi hazikuhitaji viza ukiwa unabadilisha ndege tu ila ukitaka kutoka mlangoni zinaitaka. Marekani ndo kabisa, hata anayepita tu kwenda nchi nyingine anapitia uhamiaji, na kama pasipoti yako ni ya kuombewa viza basi unaihitaji hata kwa masaa mawili. Angalia hili kwenye tovuti ya uhamiaji au ubalozi wa nchi husika wiki kadhaa kabla, sio ukiwa umeshatua.

Sasa hesabu, na hapa ndo watu wanapokosea. Usihesabu kutoka unapotua kwenda mbele, hesabu kutoka ndege inayofuata kurudi nyuma. Tuseme unatua saa tatu asubuhi na ndege ya pili inaruka saa tisa alasiri. Kwa macho ni masaa sita. Lakini safari ya kimataifa uwe umesharudi uwanjani masaa mawili kabla kama bodingi pasi unayo na begi limeshatangulia, na matatu kama bado hujafanya cheki-ini, tuchukue mawili, kwa hiyo saa saba mchana uko mlangoni. Kama kutoka mjini mpaka uwanjani ni lisaa limoja, saa sita kamili unaondoka mjini. Rudi upande wa mwanzo: kushuka kwenye ndege, kutembea yale makorido marefu, foleni ya pasipoti, weka lisaa, ni saa nne, alafu lisaa lingine la kwenda mjini, saa tano. Umebakiwa na lisaa limoja tu la kuuona mji! Chukua tiketi ileile lakini treni inafika mjini kwa robo saa, unaingia mjini saa nne na robo na unaondoka saa saba kasorobo, yaani una masaa mawili na nusu mazima. Ndo maana nasema umbali wa uwanja una uzito kuliko idadi ya masaa kwenye tiketi. Schiphol mpaka stesheni kuu ya Amsterdam ni kama robo saa kwa treni, Zürich ni kama dakika kumi na kitu, Heathrow ya London mpaka stesheni ya Paddington ile treni ya haraka inatumia dakika 15. Narita kwa upande mwingine iko kama kilomita 60 kutoka katikati ya Tokyo, hapo masaa sita usijaribu, kaa ndani. Kipimo changu mimi ni hiki, hesabu ikitoa chini ya lisaa limoja na nusu la kuwa mjini kwa miguu yako, siendi.

Kuna viwanja na mashirika yanatembeza abiria wa transiti bure kabisa. Changi ya Singapore wana ziara za kuongozwa kwa mwenye kusubiri kuanzia masaa matano na nusu mpaka chini ya masaa 24, na Turkish Airlines wana ya kwao Istanbul kwa abiria wao. Kama ni mara yako ya kwanza kutoka hivi anza na hizo, wao ndo wanalinda muda, ila sheria za kuingia nchini ziko palepale.

Kitu kingine kinachowaangusha watu ni saa yenyewe. Tiketi inaandika muda wa pale uwanja ulipo, sio wa ulikotoka, na mara nyingi inaandika kwa masaa 24. Sisi tumezoea kusema saa tisa alasiri na tiketi inasema 15:00, ukiwa umechoka na hujalala kichwa kinaweza kugeuza namba vibaya, kwa hiyo weka alamu kwa namba zilezile za kwenye tiketi na uhakikishe simu imeshabadilika kufuata muda wa pale. Na hii ya usiku wa manane iangalieni sana: ndege ya 00:20 tarehe 15 ni usiku wa kuamkia tarehe 15, yaani unatakiwa uwanjani tarehe 14 usiku. Watu wanafika siku nzima baadae, ndege ilishaenda zamani.

Mizigo. Ukikabidhi begi kubwa unapoanzia safari soma ile lebo wanayofunga, ina herufi tatu za uwanja, kama ni za mwisho wa safari yako basi begi linaenda lenyewe na mikono yako iko huru. Marekani kwa kawaida utalichukua begi uwanja wa kwanza unaotua na kulikabidhi tena hata kama lebo inasema mwisho wa safari, ongeza muda huo kwenye hesabu. Begi la mkononi nalo usizunguke nalo, kilo saba baada ya lisaa moja utazichukia, viwanja vingi vikubwa na stesheni kuu zina makabati au dirisha la kuhifadhi mizigo. Tena sehemu nyingine ukiwa na begi la magurudumu hawakuruhusu kuingia kabisa, British Museum, makumbusho ya London, ni mojawapo.

Haya, umeshajua una masaa mangapi, sasa unachagua nini? Chagua mtaa mmoja. Sio vitu vitano, mtaa mmoja, wenye kitu kimoja unachokitaka kweli na vingine vimekizunguka ambavyo utavikuta njiani bila kuvitafuta. Fungua ramani, tafuta stesheni ambayo treni ya uwanjani inakushusha, chora duara la kutembea dakika ishirini kuizunguka, kilichomo ndani ya duara ndo mji wako wa leo na kilichoko nje hata kiwe maarufu vipi kiache. Ramani ikikwambia kilomita moja ni dakika 12 wewe hesabu 20, maana utasimama kupiga picha, utasubiri taa, utapotea kidogo.

Ndani ya hilo duara mi napenda vitu visivyo na mlango: mto, daraja, bustani, uwanja wa wazi, soko. Kitu kisicho na mlango hakina foleni ya tiketi na hakifungwi. Makumbusho yana siku zake, kule Paris Louvre inafunga Jumanne, Musée d'Orsay Jumatatu, makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili isipokuwa ya mwisho wa mwezi, na mengi yanaacha kuingiza watu nusu saa au zaidi kabla ya kufunga. Ukiamua kuingia, ingia kwa ajili ya kitu kimoja. Pale British Museum kiingilio cha maonyesho ya kudumu ni bure na lile jiwe la Rosetta, jiwe la kale la Misri lenye maandishi, liko karibu na mlango mkuu, limekaa humo tangu 1802, unaweza kusimama mbele yake dakika ishirini, ukaangalia maandishi ya aina tatu moja chini ya lingine, ukatoka umeshiba kuliko aliyekimbia kwenye kumbi arobaini.

Na kama mji una maji, panda kivuko cha wananchi, kile cha watu wanaoenda kazini, sio boti ya watalii. Star Ferry ya Hong Kong inavuka bandari kwa dakika kama kumi na majengo yote unayaona, kile cha Staten Island pale New York ni bure, kinafanya kazi usiku na mchana na kinapita mbele ya Sanamu ya Uhuru kwa dakika kama 25 kwenda. Umekaa, miguu inapumzika na mji unapita mbele yako.

Alafu kaa chini. Hii naisisitiza kwa sababu mwenye masaa machache anaona kukaa ni kupoteza, lakini nikikumbuka miji niliyopita hivi, kinachorudi kichwani sio jengo, ni ile nusu saa nimekaa kwenye benchi naangalia watoto wanatoka shule, wazee wanabishana, mtu anafungua duka lake. Nusu saa kati ya masaa mawili itenge kabisa kwa hilo, simu mfukoni.

Kuhusu simu, kabla hujaondoka nyumbani pakua ramani ya mji ya kutumia bila intaneti, GPS inafanya kazi hata bila bando, na piga skrinishoti ya tiketi. Pawabenki beba.

Kurudi weka alamu mbili, moja ya kuanza kugeuka na ya pili ya mwisho, ya kwanza ikilia unageuka hata kama umebakiza mita mia kufika. Ukichelewa kwa sababu ulikuwa mjini ni hasara yako, na kama tiketi zako mbili ulinunua mbalimbali ndo kabisa, unanunua nyingine. Chagua treni badala ya barabara hasa jioni, na jua njia ya pili endapo treni itasimama. Hakikisha unajua terminali gani pia, kwenye viwanja vikubwa ukishuka terminali isiyo yako unaweza kula nusu saa nyingine. Ukifika usianze na maduka, pita ukaguzi kwanza, angalia upya namba ya geti maana inaweza kuwa imebadilika ulipokuwa nje, ukalione geti lenyewe kwa macho, ndo utafute choo na sehemu ya kuchajia, maana geti mara nyingi linafungwa dakika 15 mpaka 20 kabla ya ule muda ulioandikwa kwenye tiketi.