Kabla hamjafunga kabati la vitabu: maandalizi ya kuhamia masomo ya kidijitali

Kitabu cha kiada cha karatasi hakiombi nywila. Mwanafunzi anakifungua na kusoma, kikianguka anakiokota na kuendelea, na mwaka ukiisha anamwachia mdogo wake. Kazi hizo zote kilikuwa kikizifanya kimyakimya, ndiyo maana shule inayohamia kwenye vishikwambi hushtuka pale zinapokosa wa kuzifanya. Basi kabla ya kusaini mkataba wowote, kaeni na walimu muandike kila kazi ambayo kitabu kinawafanyia leo, na mbele yake muandike nani au nini kitaifanya kesho. Palipobaki wazi ndipo pa kuanzia.

Kwa shule nyingi pengo la kwanza ni umeme. Kishikwambi chenye betri ya mAh 5,000 (milliampea-saa, kipimo cha uwezo wa betri) kinakula takriban wati-saa 20 hadi kijae, kwa hiyo vifaa 40 vinahitaji kama wati-saa 800. Huo si umeme mwingi. Tabu iko kwenye mahali pa kuchomeka, kwa sababu darasa lenye soketi mbili halichaji vifaa 40, na kuunganisha ekstensheni juu ya ekstensheni ni kuita moto. Amueni mapema kama vifaa vitalala shuleni au vitakwenda nyumbani. Vikilala shuleni, awepo mtu wa kuvichomeka jioni, na awepo wa pili mwenye ufunguo siku huyo wa kwanza akiugua. Vikienda nyumbani, mtoto ambaye kwao hakuna umeme atakuja na kifaa kilichozimika na ataonekana mzembe bure. Mtafuteni mtoto huyo kwa jina kabla mpango haujaanza. Kumbukeni pia kwamba betri za lithiamu huchoka: baada ya kujazwa mara 300 hadi 500, nyingi hubaki na asilimia 80 hivi ya uwezo wake wa mwanzo. Kifaa kinachochajiwa kila siku ya masomo kitaanza kulegea mwaka wa pili au wa tatu, na fedha ya kukibadilisha haina budi kuwamo kwenye bajeti ya leo.

Kwenye intaneti, msikubali neno “kasi” bila kupiga hesabu. Tuseme kitabu cha PDF chenye picha nyingi kina megabaiti 60. Wanafunzi 40 wakikipakua kwa pamoja, hizo ni megabaiti 2,400. Matangazo ya kasi hutumia megabiti, na baiti moja ina biti nane, kwa hiyo laini ya megabiti 10 kwa sekunde itachukua dakika 32 hata kama hakuna mtu mwingine anayeitumia. Kipindi kimekwisha! Vitabu vipakuliwe kabla ya muhula, au viwekwe kwenye kompyuta moja ya shule inayovigawa kwa Wi-Fi ya ndani. Programu huria ya Kolibri ilitengenezwa kwa kazi hiyohiyo, na baada ya kuwekewa masomo haihitaji intaneti kabisa.

Sasa leseni, yaani ruhusa ya kutumia kitabu cha kidijitali, ambayo naona ndiyo inayopuuzwa kuliko yote. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki. Wateja walirudishiwa fedha, lakini vitabu walivyokuwa wamevinunua havikufunguka tena. Msomaji wa riwaya huenda akavumilia hilo, lakini darasa lililobakiza wiki sita kuingia kwenye mtihani litaumia. Ulizeni leseni ni ya muda gani, mwanafunzi akihama inakuwaje, anayerudia darasa analipa tena au la, na kampuni ikifungwa mnabaki na nini mkononi. Majibu yawe kwenye karatasi yenye sahihi. Kisha linganisheni gharama ya miaka mitano, kwa kuwa kitabu hulipiwa mara moja na leseni nyingi hulipiwa kila mwaka.

Si kila somo linastahili kuhamishwa. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2018, uliojumlisha tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, ulionyesha kwamba watu huelewa zaidi wanaposoma kwenye karatasi, hasa muda ukiwa mfupi na maandishi yakiwa ya kutoa maarifa. Hayo ndiyo maandishi ya vitabu vya kiada. Kwa hadithi, tofauti haikuonekana. Mwaka 2023 serikali ya Sweden ilianza kutenga fedha za kurudisha vitabu vya karatasi shuleni. Korea Kusini ilianza kutumia vitabu vya kidijitali vyenye akili mnemba Machi 2025, na kufikia Agosti bunge lake lilikuwa limeviondolea hadhi ya vitabu vya kiada. Mimi ningeacha sura ndefu za kusomwa kwa utulivu zibaki kwenye karatasi, na kioo kikapewa kazi zake hasa: matamshi ya lugha, video za majaribio ya sayansi, na mazoezi yanayomsahihisha mtoto papo hapo.

Halafu kuna mwalimu. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa siku ya kwanza ya mpango wa namna hii. Mwalimu akasema, “Fungueni ukurasa wa 84.” Wenye PDF, ambayo kurasa zake hazibadiliki, wakafika kwenye zoezi. Wenye EPUB, ambayo hupanga maandishi upya kulingana na ukubwa wa kioo na herufi, wakajikuta kwenye sura nyingine kabisa. Binti mmoja wa dawati la mbele akainua kifaa chake juu kumwonyesha mwalimu kwamba na yeye yuko ukurasa wa 84, na kweli alikuwa hapo. Nusu ya kipindi ikapotelea kwenye kutafutana. Dawa yake ni ndogo: walimu wakubaliane kutaja namba ya sura na ya zoezi badala ya ukurasa. Lakini dawa kama hizo huja baada ya mazoezi, na semina ya siku moja inayoendeshwa na muuzaji haitoshi. Mpeni mwalimu kifaa chake muhula mzima kabla ya wanafunzi, apange somo nacho, akosee akiwa peke yake.

Mwanafunzi asiyeona naye awe kwenye mpango tangu mwanzo. Kitabu kilichoskaniwa kama picha ni kimya mbele ya programu ya kusoma kwa sauti, kwa kuwa picha haina herufi za kusoma. Fungueni faili na mjaribu kunakili sentensi moja. Ikikataa, huenda mmeuziwa picha.

Kuhusu faragha, mwaka 2022 shirika la Human Rights Watch lilichunguza programu na tovuti za elimu zaidi ya 160 zilizotumika katika nchi 49, na karibu tisa kati ya kila kumi zilikuwa na mienendo ya data iliyohatarisha au kukiuka haki za watoto. Programu ya hesabu haina sababu ya kujua mtoto yuko wapi. Inayotaka mahali alipo au namba zake za simu, ikataeni.

Baada ya hayo anzeni na somo moja, darasa moja, muhula mmoja, vitabu vya karatasi vikiwa bado kabatini na ufunguo ukijulikana ulipo. Katikati ya muhula, asubuhi moja, mkuu wa shule azime ruta, kile kifaa kinachosambaza intaneti, bila kumwambia mtu. Mtu mmoja akae nyuma na daftari, aandike kila swali litakaloulizwa ndani ya dakika kumi za kwanza. Darasa la pili lisiongezwe mpaka maswali hayo yawe na majibu.