Pima kichwa cha mtoto, kisha uliza kilichoziba maji

Mimi ni mkunga hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Mama akiniambia kofia ya mtoto imembana ghafla, nahofia maji yanajaa kichwani, natoa utepe wa kupimia usiovutika. Uzungushe juu kidogo ya nyusi, upite juu ya masikio hadi kisogoni palipochomoza zaidi. Pima mara tatu, andika kipimo kikubwa kwenye kadi pamoja na tarehe. Rudia wiki ijayo, maana kipimo kimoja hakisemi mengi. Aliyezaliwa kwa miezi yake huwa na kama sentimita 35, kisha huongeza kama 2 kwa mwezi katika miezi 3 ya kwanza. Akiongeza sentimita nzima ndani ya wiki, asisubiri.

Mkalishe akiwa ametulia, uguse utosi: je, umejaa na kukaza? Macho yakielekea chini hadi weupe uonekane juu ya mboni, au akitapika, akilegea kunyonya, au akishikwa na degedege, pandeni teksi ya Tororo leo hii, muunganishe hadi hospitali ya CURE, Mbale.

Zamani niliandika “maji kichwani” kwenye barua ya mtoto mmoja nikadhani nimemaliza. Skani ilionyesha uvimbe aliozaliwa nao, umeziba njia ya maji. Huku kwetu mara nyingi maji hutokana na maambukizi, lakini tangu siku ile huwa nawaambia akina mama waulize: ni nini kimeziba?

Utosi ukiwa bado wazi, ultrasaundi huona ndani bila mionzi. Uvimbe wenyewe huhitaji CT (skani ya eksirei) au, bora zaidi, MRI (skani ya sumaku).

Pengine maji hupunguzwa kwanza. Katika hospitali hiyo ya CURE, Dkt. Benjamin Warf, daktari wa upasuaji wa ubongo, aliendeleza njia ya kuingiza kamera ndogo, kuyafungulia maji njia na kuchoma tishu inayoyatengeneza. Kuutoa uvimbe ni kazi nyingine. Mtoto wa kilo 5 ana damu kama mililita 400 tu, haijai chupa ya nusu lita, kwa hiyo ulizeni mapema kama damu ya kundi lake ipo. Uvimbe wa ile tishu inayotengeneza maji, ukiwa si saratani na ukatolewa wote, mara nyingi mtoto hupona. Aina nyingine ni kali, na dawa za saratani hazizimalizi zote. Tiba ya mionzi huepukwa kabla ya miaka 3 kwa sababu huumiza ubongo unaokua.

Akirudi nyumbani, endeleeni kupima kila wiki, siku ileile. Kichwa kikianza kukua kwa kasi tena, mrudi hata kama tarehe ya kliniki haijafika.